Mkeka Uliobaki Ukutani

Kisugu, Jumatatu asubuhi

Nnaalongo wangu,

Usinicheke. Najua ungesema nini ukiniona nimekaa hapa mezani na kalamu, na maharagwe yako motoni. Ungesema, "Munnange Berita, mutu amekufa, wewe unamuandikia barua? Posta gani itapereka?" Basi cheka, cheka tu. Nimechoka kuongea na wewe kichwani huku nafua nguo. Jirani wa hapa chini ameshaanza kuniangalia kama mtu wa kufungwa kamba. Afadhali niandike.

Naandika kwa Kiswahili, utanivumilia. Kiganda changu ulikijua, kile cha kuuliza bei ya matoke na kugombana na mwenye matoke.

Nianze na habari za kanisa, maana ungeziuliza hizo kabla hata ya kuuliza watoto. Kanisa limeezekwa, Nnaalongo. Mabati mpaka mwisho, mpaka upande ule wa mlangoni ulipokuwa unanyeshewa na kusema ni ubatizo wa pili. Ibada ya Kiganda ya asubuhi inajaa, wengine wanasimama nje. Na yetu ya Kiswahili ya mchana, ile iliyoanza na mafundi wachache wa Kenya na yule Mkongo mwenye sauti ya ng'ombe, sasa mtu akichelewa hapati pa kuingiza mguu. Ajabu ya dunia hii. Watu wanaogopa gari likisimama tu barabarani, wanaogopa miwani myeusi ya watu wa usalama, wanaogopa hata kupiga chafya karibu na mtu wasiyemjua, lakini kanisani wanakuja. Mchungaji anasema hofu imewaleta na Mungu atawashika. Mimi sijui kilichowaleta. Najua tu kwamba chai ya Umoja wa Mama haitoshi tena na sukari hakuna. Tunaijaza tangawizi ili mtu aungue ulimi asahau kuuliza.

Na mabenchi yamekuja. Hilo ndilo lililonikalisha hapa.

Nakumbuka siku ya kwanza ulipokuja kwangu. Nilikuwa nimehamia Kampala juzijuzi kumfuata Baba Rebeka, aliyekuwa amepata kazi ya kuchomea vyuma Katwe. Kanisa letu lilikuwa banda la udongo, na sisi wanawake tulikaa chini, kila mtu na mkeka wake wa ukindu. Njia ilikuwa matope, kwa hiyo hakuna aliyerudi na mkeka nyumbani. Ukimaliza kusali unaukunja, unausimamisha ukutani, Jumapili unaukuta palepale. Mimi nilikuwa nimesali hapo mara chache tu, malaria ikanilaza. Siku moja nasikia hodi. Nafungua, naona mama mfupi, mnene, amevaa gomesi la kijani, anahema, na kichwani amebeba nini? Mkeka wangu!

Moyo ulinilipuka. Kwetu mtu akikurudishia vitu vyako mpaka mlangoni, umefukuzwa. Na wakati ule Wakenya tulikuwa tunaambiwa kila kukicha tufunge virago. Nikajisemea, kumbe hata kanisani! Nikakupokonya ule mkeka. Nikakuambia maneno ambayo sitayaandika hapa, ila nakumbuka nilisema nyumba ya Mungu mmeifanya shamba la ukoo wenu, na kwamba kwetu nako kuna makanisa, tena ya mawe. Wewe ulisimama, ukangoja nimalize. Kisha ukacheka mpaka ukakaa chini kwenye kizingiti, ukajifuta machozi na mshipi wa gomesi.

"Bambi, Mukenya," ulisema, "mimi hapana kukufukuza. Nimekuretea nafasi yako."

Ndipo ukanieleza. Mkeka ukibaki umekunjwa ukutani baada ya ibada, mwenyewe hakuja. Na asiyekuja lazima aulizwe. Unambebea mkeka wake mpaka kwake. Akiwa mzima, ataurudisha mwenyewe Jumapili. Akiwa mgonjwa, ataulalia mpaka apone. Akiwa na msiba, mtaukalia pamoja. Nilikupikia uji siku ile, nikiwa na aibu hadi kwenye kucha, na wewe ukasema uji wa Kenya ni gundi.

Baadaye ndipo nilipojua kazi ile ilitoka wapi. Hukuniambia wewe, niliambiwa na wengine kwa kunong'ona. Kwamba mwanao Samwiri alichukuliwa kazini kwake Nakawa, mchana kweupe, akatiwa kwenye buti la gari, na hakuonekana tena, hata nguo. Na kwamba baada ya hapo mkeka wako ulibaki umekunjwa ukutani Jumapili baada ya Jumapili, na hakuna hata mtu mmoja aliyekuja kubisha mlango wako. Waliogopa. Nyumba iliyochukuliwa mtu, ukionekana unaingia, na wewe jina lako linaandikwa. Uliporudi kanisani hukumlaumu yeyote. Ulikunjua mkeka, ukasali, na watu walipokuwa wanatoka ukasimama unauangalia ukuta. Kulikuwa na mkeka wa mtu mwingine umebaki. Ukauweka kichwani ukaondoka nao.

Tangu hapo ukuta ule ndio ulikuwa macho yetu. Mkeka ukibaki, tunajua.

Halafu akaja Mama Yona.

Huyu sitaki kumpamba, wewe mwenyewe ulikuwepo. Mrefu, mweusi tii, mpole kupita kiasi, anatoka huko Arua, mtoto mgongoni. Alikuja kwenye ibada ya Kiswahili kwa sababu Kiganda hakukijua. Na haikupita wiki kila mtu akajua kwamba mume wake ni askari na wanakaa kwenye nyumba za jeshi ng'ambo ya reli. Wanawake wakaanza kuvuta mikeka yao. Hakuna aliyesema neno, ni kuvuta tu, kidogo kidogo, mpaka yule mama akabaki katikati ya udongo mtupu kama mtu mwenye ndui. Na mimi nilivuta, tena nilivuta kwa nguvu.

Wewe ukainuka. Na magoti yako yale yaliyokuwa yanalia kama bawaba! Ukaburuta mkeka wako, ukautandika ukagusana na wake, ukakaa, ukamchukua mtoto ukamweka mapajani.

Njiani nilikuchachamalia. Nilikuambia, Nnaalongo, una akili wewe? Si ndio hao waliomchukua Samwiri? Wewe unambembeleza mtoto wao? Ukasimama katikati ya njia. Ilikuwa mara ya kwanza kukuona umekasirika.

"Watu gani?" uliniuliza. "Mutoto wa watu yure ana mikono miwiri. Mumoja umeshika mutoto, mumoja umeshika Biburia. Sasa niambie, Samwiri arimuchukua na mukono gani?"

Nilinuna mpaka Jumatano. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimekasirika kwa ajili yako, maana wewe ulikataa kukasirika, na mimi niliona lazima mtu aifanye hiyo kazi.

Nnaalongo, kifo chako sitakisimulia. Ulikipitia mwenyewe. Ila bado inaniuma ule usiku, sisi tumefungiwa ndani na kafyu, kifua chako kinapiga filimbi, na hospitali tunaiona kwa mbali taa zake. Na kulipokucha tukafika, na dawa hakuna. Muuguzi alilia. Sijawahi kuona muuguzi analia.

Tulikuzika kwenu Kyaggwe, kwenye makaburi ya ukoo, umefungwa lubugo la gome la mti kama walivyofungwa bibi zako. Tuliimba Kiganda, tukaimba Kiswahili, na yule Mkongo akaimba kwa lugha yake peke yake mpaka watu wakanyamaza kumsikiliza. Ukoo wenu ukaweka mrithi, mpwa wako yule mwembamba, akapewa kisu na kikapu. Nikafikiri, vizuri, kila kitu kimepata mtu wa kukishika. Mikeka haikutajwa.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, nikageuka kuangalia ukuta kwa mazoea. Mikeka miwili ilikuwa imebaki. Mmoja ulikuwa wako, ule wenye mistari ya zambarau. Wa pili ulikuwa wa Mama Yona. Kila mtu aliuona na kila mtu akajifanya anatafuta viatu. Jumapili ikafuata nyingine, na nyingine, mikeka ileile miwili. Hata mazishini Mama Yona hakuwepo, na sisi tukasema, umeona? Damu ya askari hiyo, haina shukrani.

Kisha baraza la kanisa likatangaza mabenchi. Watu walipiga vigelegele. Sasa sisi parokia kamili, jamani, siyo banda! Baba Rebeka na wenzake ndio waliochomea miguu, chuma cha magari mabovu ya Katwe, na nilimwambia Baba Rebeka kwamba Mungu atakuwa anasafiri kwenye chasisi ya lori. Nilijivuna, sikatai. Jumamosi tukaenda kusafisha, mabenchi yakapangwa, yananukia rangi, na wazee wakasema kila mama abebe mkeka wake aende nao nyumbani, hatukai tena chini kama kuku. Wakabeba. Ukuta ukabaki mtupu, na mikeka miwili imesimama pembeni.

Mzee wa kanisa, yule mwenye kikohozi, akaishika, akauliza, "Hii miwili haina wenyewe, tuichome?"

We! Damu ilipanda mpaka masikioni. Nikauliza, sasa mtu asipokuja tutajuaje? Benchi halibaki limekunjwa. Benchi watu wakisogea kidogo, pengo limezibika, na mtu amekwenda hivyo. Nikawaambia mjini hapa watu wanachukuliwa kama kuku, na kitu pekee kinachobaki cha mtu ni kuwa kuna mwenzake anayeuliza yuko wapi. Hata kuuliza mtaacha? Mchungaji akainamisha kichwa. Mzee akasema kwa upole, na upole wake ndio uliniudhi zaidi, kwamba kazi ile ilikuwa ya Nnaalongo, na Nnaalongo hayupo, na si kila kazi ina mrithi.

Nikaichukua mikeka yote miwili nikatoka nayo.

Wako niliulaza juu ya kabati. Wa Mama Yona niliusimamisha karibu na mlango, na hapo ukaanza kunitesa. Kila nikipita unaniangalia. Baba Rebeka akasema, "Berita, usinifanyie hivyo. Una watoto." Alikuwa na haki. Nyumba za jeshi! Watu wanazunguka mtaa mzima ili wasipite mbele ya lile geti. Nikajiambia, kwani mimi nani? Nnaalongo alikuwa Nnaalongo, amezaa mapacha, amezika waume, hakuwa na kitu cha kuogopa tena. Mimi ninavyo vingi. Nikaufunika kwa shuka, nikaona bado unaniangalia.

Basi nikaenda. Asubuhi, jua linawaka, mkeka kichwani kama ulivyokuwa ukifanya wewe. Getini askari akaniuliza wapi. Nikasema napeleka mkeka. Akauliza mkeka wa nini. Nikasema wa kanisa, mwenyewe hakuja. Akaniangalia kama anaangalia mwendawazimu, akasema pita. Nikapita, Nnaalongo. Nikauliza nyumba ya Mama Yona.

Nilimkuta ndani, mlango umeegemezwa. Nyumba tupu. Hakuna kiti, hakuna sufuria, kitanda kimekwenda. Yeye amekaa sakafuni na Yona, wameegemea ukuta. Mume wake alikuwa amechukuliwa, na wenzake, askari kwa askari, wanavyokulana siku hizi. Vyombo vilibebwa siku ileile. Naye alikuwa amebaki pale kwa sababu hakujua pa kwenda, na aliogopa kutoka, na aliogopa kukaa. Akainua macho akauona mkeka wake kichwani kwangu.

"Hata nyinyi munanirudishia?" akasema.

Ndipo nikakumbuka kizingiti changu, na uji, na mdomo wangu siku ile. Lakini yeye hakunitukana. Alikunja mikono tu, kama mtu aliyekuwa analingoja hilo. Nikashusha mkeka, nikatafuta lile neno lako. Nikasema, "Hapana, mama. Nimekuletea nafasi yako."

"Mimi nilifikiri munafurahi," akasema. "Mume wa askari kuchukuliwa. Nilifikiri kanisani munafurahi." Alisema hivyohivyo, mume wa askari, sikumsahihisha. Nilikunjua mkeka. Nikakaa. Sikuwa na kitu kingine cha kufanya na mwili wangu. Akaja akakaa, na Yona akalala katikati yetu.

Kisha akaniuliza mbona Nnaalongo hakuja mwenyewe.

Hakujua! Sisi tulikuwa tumemhukumu kwa kutokuja kukuzika, na hakuna hata mmoja aliyekwenda kumwambia kwamba umekufa. Nilimwambia. Alilia kilio ambacho nadhani alikuwa amekiweka, cha mume wake na chako pamoja, akajiziba mdomo na nguo ili majirani wasisikie. Alipotulia akauliza swali moja.

"Nani alimupelekea mukeka wake?"

Nikasema hakuna.

Sasa anakaa kwetu, yeye na Yona, chumba cha watoto. Baba Rebeka alikwenda kazini, halafu jioni akarudi na kitanda cha chuma alichochomea mwenyewe. Akakifunga skrubu akaenda kuoga.

Na Jumamosi iliyopita, Nnaalongo, tulikuja. Ulituona? Mimi na Mama Yona, basi la asubuhi, na mkeka wako. Kwenye kizuizi cha barabara wakatushusha wote. Askari akaugusa mkeka na mtutu, akasema fungua, ndani kuna nini. Nikaukunjua palepale juu ya lami, mistari yote ya zambarau. Mama Yona akamwambia, "Ya mama yetu. Tunamupelekea." Askari akauliza mama yuko wapi. "Kaburini," akasema Mama Yona, hakupepesa. Yule kijana akautazama mkeka, akatutazama, akasema tukunje twende. Kwenye basi mwenzangu akaupakata mkeka wako mpaka Kyaggwe.

Majani yameota juu yako. Mrithi wako anapalilia vizuri, usiwe na wasiwasi. Tukautandika mkeka juu ya kaburi na mimi nikasema, kwa sauti, mbele ya migomba yote, "Nnaalongo, nimekuletea nafasi yako." Halafu nikalia mpaka nikaona aibu. Nilikuwa nimepanga kuuacha pale. Nilidhani hivyo ndivyo inavyotakiwa. Lakini tulipoinuka Mama Yona akaanza kuukunja. Nikamwambia uache, ni wake. Akasema, "Hapana. Mutu akipelekewa, Jumapili mukeka unarudi. Hiyo ndiyo kawaida, wewe ulinifundisha." Nikataka kumwelezea kwamba wewe umekufa, kwamba si hivyo. Alikuwa ameshaubeba kichwani, anatangulia njiani.

Basi jana ulikuja kanisani. Tuliutandika sakafuni karibu na mlango, palepale pako, nyuma ya benchi la mwisho. Mzee mwenye kikohozi akauona, akakohoa, akapita. Na mama wawili watatu nao nikawaona wamekuja na mikeka yao, wameitandika juu ya mabenchi, eti mbao ngumu. Sikuuliza kitu.

Wimbo wa kwanza ukiwa umeanza, akaingia msichana mmoja, mja mzito, peke yake. Mabenchi yamejaa. Akaangalia huku, akaangalia huku, akavua viatu, akakaa kwenye mkeka wako.

Nikasikia wanawake wanavuta pumzi. Unajua hakuna anayekalia mkeka wa mwenzake. Mimi nilikuwa nimeshasimama nusu, na mdomo wangu unaujua. Mama Yona akanishika gauni akanivuta chini. Akaniambia sikioni, "Muache. Nafasi iko."

Nikamwacha. Alikaa pale ibada nzima, ameshika tumbo, hakuimba. Nje nikamfuata nikamuuliza jina. Anaitwa Erina. Mume wake yuko wapi, nikauliza, naye akaangalia pembeni akasema atarudi. Sikuuliza tena. Nikamuuliza tu nyumba yake iko wapi na mlango una rangi gani.

Maharagwe yameungua, nasikia harufu. Pumzika, mama yangu. Kama umeonana na Samwiri, mwambie mama yake alimtafuta kwa kila mtu aliyekosekana. Mimi sina magoti yako wala upole wako, wala sitakuwa nao. Lakini Erina anakaa huku bondeni, nyumba ya mwisho kabla ya mfereji, mlango wa buluu. Jumapili asipokuja, mkeka wako nitaubeba mimi.

Ni mimi, Mukenya wako,
Berita